Ukifika Nairobi, kata tikiti ya mchezo

Kila ifikapo likizo, watu wetu wa mwambao humiminika Nairobi. Zamani wazee wetu walilala njiani usiku kucha. Tangu gari la moshi la Madaraka lianze kazi mwaka 2017, mtu huondoka Miritini asubuhi akaiwahi Alasiri huko bara. Huenda kuwaona jamaa, kutazamiwa afya, kununua nguo Eastleigh, na mwenye watoto huwapeleka mbugani wakaone simba. Akirudi tunamwuliza habari za safari, naye hutusimulia baridi, msongamano wa magari na bei za vitu. Mimi nina desturi ya kuongeza swali moja: "Ulitazama mchezo gani wa kuigiza?" Jibu mara nyingi huwa ni kicheko. Kicheko hicho ndicho kilichonishikisha kalamu.

Nasema, na sababu zangu nitazitaja, kwamba mtu wa pwani afikaye Nairobi yampasa anunue tikiti ya mchezo kwa fedha yake mwenyewe, na hasa autafute mchezo wa vijana wa Kibera na Kawangware. Sisemi hivi kwa ajili ya starehe, ingawa starehe ya halali si dhambi. Nasema hivi kwa kuwa ile tikiti ndogo ya karatasi, au ile ya siku hizi iingiayo katika simu, inabeba jambo kubwa: nani ana haki ya kusema jukwaani, na aseme nini.

MBONA HATUENDI?

Sababu ya kwanza ya kutokwenda kwetu ni ya kihistoria. Jumba la taifa la michezo ya kuigiza, Kenya National Theatre, lilifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule wakoloni walipotangaza hali ya hatari. Lilijengwa karibu na hoteli ya Norfolk, walipokuwa wakikutana masetla, na kwa miaka mingi michezo yake ilikuwa ya kwao na lugha yake ilikuwa ya kwao. Hata baada ya Uhuru mambo hayakugeuka upesi. Mwaka 1976, ulipotaka kuonyeshwa hapo mchezo juu ya Dedan Kimathi, uliotungwa na Ngugi wa Thiong'o pamoja na Micere Githae Mugo, wenyewe walipewa siku chache tu, zikabanwa baina ya maonyesho ya wageni. Basi kama mwananchi wa Nairobi yenyewe alijiona mgeni katika jumba la taifa lake, itakuwaje kwa mtu wa Kisauni au wa Shela?

Lakini hayo yamepita. Jumba lile lilikarabatiwa likafunguliwa upya mwaka 2015, na leo hapo utasikia Kiswahili, Kiingereza, lugha za makabila, na kile Kiswahili cha vijana cha Nairobi ambacho sisi wa pwani twapenda kukicheka. Wanafunzi wa sekondari huletwa kwa mabasi kutazama tamthilia za mtihani wao. Kigogo cha Pauline Kea na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ni tamthilia za Kiswahili safi, na kwa sababu ya mtihani zimepata watazamaji ambao tamthilia nyingi hazijawahi kuwaota. Laiti tungekwenda kwa mapenzi kama wanavyokwenda watoto kwa lazima!

Sababu ya pili watu wanayoitoa ni fedha. Hiyo siikubali. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida baina ya Mombasa na Nairobi ni shilingi 1,500. Mtu aliyelipa hiyo kwenda, akalipa nyingine kurudi, asiniambie kwamba itakayomfilisi ni tikiti ya mchezo.

Ya tatu ni ya dini, na hii naiheshimu. Wako watakaoniuliza: mtu aliyesoma chuoni na mambo ya michezo, wapi na wapi? Jawabu langu ni kwamba mchezo ni chombo kama kalamu. Kalamu huandika Kurani tukufu, na kalamu hiyo hiyo huandika matusi ukutani. Michezo ya mizaha ya matusi ipo Nairobi, tena mingi, na sikutumi huko. Uliza kabla ya kununua, kama uulizavyo nyama imechinjwa na nani. Mchezo wenye kuonyesha dhuluma na mwisho wake, wenye kumpa mnyonge ulimi, sioni kwa nini uwe haramu kuutazama hali ni halali kuusoma kitabuni.

KIBERA NA KAWANGWARE

Sasa tuingie mitaani. Kibera si pageni kwetu kama wengi wanavyodhani. Wenyeji wake wa mwanzo ni Wanubi, Waislamu wenzetu, kizazi cha askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles wakapewa mahali pa kukaa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Wao wapaita Kibra, maana yake msitu. Baada ya kudai kwa miaka mingi, mwaka 2017 walipewa hati ya ekari 288. Nenda Makina utasikia adhana, utakula chakula cha halali, na ukibahatika kuna harusi utaona ngoma yao ya doluka. Kibera ilikuwa na sanaa yake kabla ya mradi wowote kufika na bango lake.

Kawangware nayo iko magharibi ya mji, imepakana na Lavington, mtaa wa matajiri. Uko huku bati, kule maua. Magari ya namba 46 ndiyo yaendayo huko, hata kituo chenyewe huitwa Forty-six. Jirani yake ni Kangemi, ambako mwaka 1994 mwongozaji wa filamu Anne Mungai alianzisha Shangilia, akawakusanya watoto wa mitaani akawafunza kuigiza na kucheza sarakasi. Vijana wa mitaa hii wana vipawa. Wakipiga ngoma penye uwazi, watu huacha beseni za nguo na vikapu vya sokoni wakajazana. Mara nyingi hutumia ule mtindo ambao mchezo husimamishwa katikati, watazamaji wakaulizwa: wewe ungalikuwa huyu mama ungefanyaje? Mama muuza mboga huingia uwanjani akawaonyesha. Mtindo huu ulianzishwa na Augusto Boal wa Brazil, lakini mtu aliyeona watu wa pwani wakijibizana katika ngoma hatashangaa sana.

Na yote haya ni bure. Hakuna tikiti, hakuna mlango. Mgeni atasema: neema iliyoje! Mimi nasema tungoje kidogo, tuulize: ikiwa mtazamaji hakulipa, nani amelipa?

Miaka michache iliyopita nilisimama Kawangware nikatazama mchezo wa namna hiyo. Mama mmoja katika mchezo alikuwa na shida mbili: mtoto mgonjwa wa tumbo, na mwenye nyumba aliyepandisha kodi kisha akamng'olea mlango. Ya mtoto ilichezwa mpaka mwisho, tukafundishwa kunawa mikono. Ya mwenye nyumba ilitajwa mara moja ikapotea, na watazamaji ndiyo waliyokuwa wakiitaka, nilisikia wakipiga kelele, "Na huyo wa mlango je?" Ulipokwisha nilimwendea kijana mmoja wa kikundi.

"Mwanangu, mbona mambo ya mwenye nyumba mmeyakata?"

"Mzee, mambo ya landlodi hayamo kwa ile karatasi tulipewa," akanijibu. "Tukiyaongeza, mwezi ujao hatuitwi."

Sikumlaumu kijana. Wala simlaumu sana mfadhili: kunawa mikono ni jambo jema, na kipindupindu hakina mzaha. Lakini elewa, msomaji, jambo lililofanyika pale. Katika mitaa ambayo wakazi wengi ni wapangaji, hadithi ya kodi na mlango ni hadithi ya roho zao. Watu mia mbili walisimama juani wakiitaka, na waigizaji walikuwa nayo mdomoni. Ilizuiwa na karatasi ya mtu ambaye hakuwapo, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipa. Watazamaji hawakuwa wametoa senti, na asiyetoa senti hana la kudai.

MASKINI HALIPI?

Nitaambiwa kwamba watu wa Kibera ni maskini na hawawezi kununua tikiti. Hili nimelisikia kwa wasomi na kwa wafadhili. Nawaomba waende katika vile vibanda vya video vya mitaani. Humo watu hulipa sarafu chache, wakabanana juu ya mabenchi, kutazama mpira au filamu ya kigeni inayotafsiriwa na mtu kama DJ Afro, kwa Kiswahili chao, kwa mizaha yao. Hakuna mfadhili aliyejenga vibanda hivyo. Watu wamelipa wenyewe, kwa sababu wamepata wanachokitaka kwa lugha wanayoitaka. Na kikiwachosha, kesho hawarudi, na mwenye kibanda lazima abadilike. Hiyo ndiyo nguvu ya sarafu ya mtazamaji.

Kuna na tikiti nyingine Kibera ambayo haisemwi sana. Wageni wa ng'ambo hulipa ili watembezwe vichochoroni waone umaskini. Filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005, ambayo sehemu yake ilipigwa hapo, iliuongeza umaarufu huo. Dunia nzima iliambiwa kwamba Kibera ina watu milioni moja, na hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipofanywa ikakuta kiasi cha 170,000. Sitaki kubishana juu ya idadi. Nataka uone mizani: kuutazama umaskini wa Kibera kuna bei, na kuitazama sanaa ya Kibera ni bure. Mtu akiwa kichekesho au huruma, hulipiwa; akiwa fundi, haambiwi hata ahsante. Sisi tutokao pwani, ambao nasi tumepigwa picha na watalii milangoni petu, tungekuwa wa kwanza kuliona kosa hili.

TUZO, SADAKA NA UJIRA

Pwani tunayo desturi ambayo Nairobi ingefaa iige. Mcheza kwao hutuzwa. Katika taarabu, mtu likimgusa neno huinuka, huenda mbele, akatoa noti akampa mwimbaji, na watu wote wakaona. Hampi kwa kumwonea huruma. Anasema: neno lako limenifikia, nami nalishuhudia kwa mali yangu. Tikiti ni tuzo iliyotangulia. Tofauti ni hii tu, kwamba tuzo hutolewa baada ya kufurahi, na tikiti hutolewa kwa kuamini.

Dini yetu imetufundisha kupambanua sadaka na ujira. Sadaka humpa aliye na haja, wala humwulizi. Ujira ni haki ya mwenye kazi, na Mtume (S.A.W.) ametuusia ulipwe kabla jasho halijakauka. Tulipokuwa chuoni, kila Alhamisi tulimpelekea mwalimu wetu senti zetu, na hakuna mzazi aliyeziita sadaka. Zilikuwa heshima ya kazi, na kwa heshima hiyo mzazi naye aliweza kuja kuuliza mtoto amefika sura gani. Kijana wa Kawangware amekariri maneno mwezi mzima, ametembea kwa miguu kwenda mazoezini, ameacha kibarua cha siku. Kumtazama, kumpigia makofi na kwenda zako ni kumla jasho.

Na tusipomlipa mlangoni, tutamlipa hospitalini. Nani miongoni mwetu hakumjua Mzee Ojwang wa Vitimbi? Kwa miaka na miaka Benson Wanjau aliwachekesha Wakenya kwa Kiswahili, sebuleni mwao, bila ya yeyote kukata tikiti. Mwaka 2012 watu ilibidi wachange fedha ili atibiwe macho, na mwaka 2015 akafariki. Mchango ule ulikuwa wema, na Mungu awalipe waliotoa. Lakini msanii aliyelipwa stahili yake asingehitaji kuchangiwa na umma.

Mtu akiniuliza kama jukwaa la maskini lina uzito hata tuligharimie hivi, namkumbusha Kamiriithu, huko Limuru. Mwaka 1977 wanakijiji, wengi wao vibarua na wakulima, walijijengea jukwaa kwa mikono yao wakacheza Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Hakukuwa na mfadhili wa kuwaambia wakate nini. Walisema habari za ardhi na mshahara, na watu walifurika. Baada ya majuma machache serikali ikaupiga marufuku, Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwisho wa mwaka ule, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Mwaka huo huo wa 1982 mwenzetu wa Mombasa, Alamin Mazrui, aliyeandika tamthilia ya Kilio cha Haki, naye akawekwa kizuizini. Wakubwa hawaogopi mchezo wa kunawa mikono. Waliogopa mchezo ambao wenyewe wananchi waliugharimia.

ILIVYO MIJI MINGINE

Miji mikubwa ya dunia imempangia mgeni njia. New York tangu mwaka 1973, na London tangu 1980, kuna kibanda mahali pa wazi ambapo mpita njia hununua tikiti ya siku ile ile kwa bei iliyopunguzwa. Mwaka 2012, katika jumba la Globe la London, waigizaji kutoka Nairobi walicheza kwa Kiswahili mchezo wa Shakespeare waliouita Wanawake wa Heri wa Winsa. Mtu asiye na kitu alilipa pauni 5 akasimama uani akatazama. Kiswahili chetu, waigizaji wetu, na Mwingereza wa mfuko mwepesi akapata tikiti ya kumfaa. Nauliza: lini mama wa Laini Saba atapata tikiti ya shilingi ishirini kuwatazama vijana wa Laini Saba?

Mgeni wa Nairobi hakuwekewa kibanda cha namna hiyo, basi ajisaidie mwenyewe. Ulizia kabla ya safari, kwani tikiti ya mapema mara nyingi ni nafuu kuliko ya mlangoni. Uliza mchezo ni wa lugha gani na una maneno gani. Lipa kwa namba iliyoandikwa katika tangazo, si kwa simu ya mtu uliyekutana naye njiani, na ujumbe wa malipo usiufute. Michezo mingi huwa Jumamosi na Jumapili. Ya jioni huanza karibu na saa kumi na mbili na nusu, ndiyo Maghribi yenyewe ya Nairobi, kwa hiyo chagua ya mchana ukiweza. Msikiti wa Jamia hauko mbali na jumba la taifa. Na kwa kuwa umelipa, una haki ya kuwaambia wenye jumba: tangulizeni au cheleweshieni watu saa ya Maghribi. Asiyenunua tikiti hana wa kumwambia.

Ukitaka kwenda Kibera au Kawangware, nenda na mwenyeji, mchana, na uwe mgeni mwenye adabu. Ukikuta mchezo wa wazi usio na tikiti, tazama mpaka mwisho, kisha mtafute mkubwa wa kikundi, umpe ulichonacho mkononi mwake na umwambie wazi kwamba hiyo ni tuzo, si sadaka. Halafu umwulize mchezo gani wangependa kuucheza lau wangelipwa na watazamaji wao. Swali hilo litamfaa kuliko noti.

Na ninyi vijana wa vikundi, nina neno moja kwenu. Endeleeni na kazi za wafadhili, kwani mtu lazima ale. Lakini mara moja kwa mwezi chezeni mchezo wenu, mzungushe kamba, muweke mtu mlangoni, mtoze hata shilingi kumi. Siku ya kwanza watakuja ishirini. Msife moyo. Hao ishirini watakuwa mabwana zenu wa kweli, na mbele yao mtaweza kumrudisha yule mwenye nyumba na mlango wake, mkamcheza mpaka mwisho.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo utazame bure. Safari njema, na tikiti yako uikate mapema.